Magoti yote mawili yamesagika, mama abadilishiwe kwa mpigo au moja moja?

Binti wa Korogwe

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri hasa kwa waliopitia au waliouguza. Mama yangu ana miaka 67, magoti yote mawili kwisha habari, eksirei inaonyesha mfupa umekaa juu ya mfupa pande zote mbili na miguu imeanza kwenda matege. Dawa za maumivu kameza mpaka vidonda vya tumbo vikaibuka, sindano za goti kachomwa, mafuta ya kuchua ndo usiseme, chumbani kwake ukiingia unapiga chafya. Siku hizi kutoka kitandani mpaka barazani anashika ukuta, swala anaswalia kwenye kiti, na sokoni ndo kasahau kabisa wakati alikuwa mtu wa kuchagua nyanya moja moja hadi muuzaji anachoka.

Sasa shida iko hapa. Tumeonana na madaktari bingwa wawili Dar. Wa kwanza kasema yote mawili siku moja, ganzi moja, kulazwa mara moja, mazoezi mara moja, kazi imeisha. Wa pili kaangalia eksirei zilezile kasema yeye hafanyi hivyo kwa mtu wa umri huo mwenye presha, anaanza na lenye hali mbaya zaidi halafu la pili baada ya kama miezi mitatu. Mama presha anayo ila dawa anameza vizuri, sukari wanasema iko mpakani, uzito kilo 90 kasoro. Moyo hajawahi kuulalamikia lakini akipanda ngazi anahema, sijui ni magoti au ni nini.

Kaka zangu wanataka kwa mpigo kwa sababu ya hela na ruhusa za kazini. Mama naye anasema nikishayaonja maumivu ya goti la kwanza la pili hamnipati ng'o, nimalizeni siku hiyohiyo. Mimi ndo nakosa usingizi. Nani kapitia?

Mstaafu bado nipo

Marahaba mwanangu, poleni na kuuguza. Mimi nilifanya yote mawili siku moja, India, nikiwa na miaka 61, na sijuti, leo shamba langu la mihogo nalizunguka mwanzo mwisho. Ila kuna kitu pale kwa daktari hawakwambii vizuri. Ukifanya goti moja unabaki na mguu wa kuegemea, hata kama ni mbovu bado ni mguu. Ukifanya yote mawili huna mguu. Wiki za mwanzo kuinuka kitandani kuna mtu anakusukuma mgongo, kukaa chooni unashuka kwa mikono, kwa hiyo kama mabega hayana nguvu utateseka sana. Mimi walinisimamisha kesho yake asubuhi, wokaa (ile fremu ya kushikilia unapotembea) mbele, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) mmoja kila upande, nikapiga hatua chache jasho likanitoka kama nimelima ekari.

Mke wangu na binti yangu walipokezana usiku na mchana, mtu mmoja hatoshi kabisa, hilo waambie kaka zako wanaowaza ruhusa za kazini. Na kupanda gari nako ni elimu, unaweka mfuko wa nailoni juu ya kiti unaukalia halafu wanakugeuza mzima mzima, miguu yote miwili inaingia pamoja, bila nailoni nguo inang'ang'ania kiti na goti linajinyonga (mifuko yenyewe imekuwa hadimu tangu ile marufuku ya 2019 lakini mfuko wa salfeti uliooshwa nao unateleza vizuri).

Damu niliongezewa. Sindano za tumboni za kuzuia damu isigande nilichomwa, na kupanda ndege walinikatalia mpaka wajiridhishe, maana upasuaji bado mbichi halafu ukae safari ndefu miguu imekunjwa, hapo unaita damu igande. Kwa hiyo anayekwambia India unaenda wiki moja unarudi unatembea, huyo anakuuzia tiketi.

Faida yake ni kwamba yale maumivu nilipambana nayo kipindi kimoja yakaisha. Mama yako namuelewa anaposema hivyo. Ila niseme ukweli, sikuwa na presha wala sukari.

Kitunguu Swaumu

Kabla hamjamkata bi mkubwa mmemjaribu na unga wa mbegu za parachichi, tangawizi na kitunguu swaumu asubuhi kabla hajala? Jirani yangu alikuwa hatembei sasa hivi anacheza rede na wajukuu. Haya mambo ya vyuma ni biashara za watu.

Sista Mstaafu

Nimekaa thieta na wodi ya mifupa maisha yangu yote ya kazi, sitataja wapi. Binti, madaktari wako wote wawili hawajakosea. Wa kwanza kaangalia magoti, wa pili kaangalia mwenye magoti.

Kwanza mjue kinachofanyika mle ndani, maana watu wanadhani goti linang'olewa lote. Hapana. Wanakata kipande chembamba kwenye ncha ya mfupa wa paja na kingine juu ya muundi, wanavika chuma, katikati wanaweka plastiki ngumu, na mara nyingi vinashikizwa kwa simenti ya mifupa. Wakati wa kutoboa na kukandamiza simenti, mafuta ya kwenye uboho na vijipande vidogo vidogo vinaingia kwenye damu na kukimbilia moyoni na kwenye mapafu. Goti moja mwili mwingi unavumilia. Mawili ndani ya masaa yaleyale mzigo unakuwa mkubwa, na damu inayomwagika ni nyingi, ingawa siku hizi kuna dawa inaitwa traneksamiki imepunguza sana umwagikaji. Ndo maana kwa ujumla wanaofanya kwa mpigo wanaongezewa damu zaidi, na madonge ya damu kwenye mapafu pamoja na matatizo ya moyo yanawatokea zaidi. Vifo ni vichache njia zote mbili, lakini kwa mpigo vinazidi. Maambukizi kwenye goti hayazidi kwa mpigo, kuna tafiti zimekuta hata ni machache.

Sasa kwenye hesabu watu wengi wanapotea. Wanachukua hatari ya magoti mawili kwa mpigo wanailinganisha na hatari ya goti moja. Lakini anayefanya kwa awamu anaingia thieta mara mbili, anachomwa ganzi mara mbili, anakaa na hatari ya damu kuganda mara mbili, lazima ujumlishe zote. Na kuna mtego mwingine ndani yake, aliyepata shida kubwa goti la kwanza la pili hafanyi tena, kwa hiyo wale wanaohesabiwa kwamba walimaliza mawili kwa awamu tayari wameshachujwa, wamebaki wenye miili iliyohimili. Ndo maana mabingwa wenyewe wanabishana hadi leo na hawamalizi.

Kwa mama yako mimi ningeshughulika na kule kuhema ngazini. Msiseme ni magoti mpaka mmepima. Apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo ukidunda), apimwe figo maana hizo dawa za maumivu za muda mrefu zinazila, wingi wa damu, na HbA1c ile inayoonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma, ikivuka 7.5 au 8 wengi wanaahirisha kwanza. Mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu, sukari isiyoshikika au aliyevuka miaka 75, mabingwa wengi hawagusi yote mawili siku moja hata ndugu wapige magoti.

Halafu umesema kachomwa sindano za goti, ya mwisho lini? Kama ilikuwa ya steroidi iseme kwa daktari, inatakiwa ipite angalau miezi mitatu kabla ya upasuaji, vinginevyo hatari ya goti jipya kutunga usaha inapanda. Meno yaliyooza yatibiwe kabla, na UTI ikiwepo pia.

@Kitunguu Swaumu gegedu (ule utando laini unaokinga ncha za mifupa) ikishaisha haioti kwa tangawizi baba. Na huo mchanganyiko wako mama auache mapema kabla ya upasuaji, kitunguu swaumu kingi kinaweza kufanya damu isigande vizuri.

Kilimani254

Habari za huko Bongo. Mzee wangu alifanya moja moja huku Kenya kwa hospitali ya misheni, alianza na ya kulia. Ilipona poa sana, shida ikawa ni hii ingine. Mguu wa kulia ulinyooka ukawa mrefu, wa kushoto bado umepinda, sasa akawa anachechemea vibaya kuliko kabla ya operesheni mpaka mgongo ukaanza kumuuma, ikabidi awekewe soli ya juu kwa kiatu cha kushoto. Na kwa sababu ule mguu wa zamani haukuwa unanyooka, akisimama lazima akunje huu mpya ndio ilingane, kidogo kidogo goti mpya ikaanza kukataa kunyooka.

Hio miezi mitatu ya daktari kwetu ilipita mwaka. Mara presha iko juu wamemrudisha, mara mambo ya bima, mara kuna harusi ushago, na yeye mwenyewe akaanza kuringa ati hii ya kushoto bado naweza nayo. Tulimbembeleza ka mtoto. Sasa mkiamua moja moja, tarehe ya pili muiweke mapema na nyinyi wote muijue.

Lakini pia niseme kizuri. Mara ya kwanza ile dawa ya maumivu ilimtapisha siku nzima, mara ya pili walikuwa wanajua wakambadilishia. Na alijua mazoezi tayari, alitoka kitandani mwenyewe akimwambia nesi asimshike.

Fizio wa Pwani

Kilimani umegusa penyewe. Mimi ni fizio, na swali ambalo sijaona Binti ameulizwa ni hili: magoti ya mama yananyooka kiasi gani? Mlaze chali kitandani bila mto chini ya miguu, mwambie aachie miguu ilale, halafu pitisha mkono nyuma ya goti. Kama panapita kiganja tu kilicholala hapo hakuna shida sana. Kama ngumi inapita na nafasi inabaki, pande zote mbili, basi hoja ya daktari wa kwanza ina nguvu, maana ukinyoosha mguu mmoja na kuuacha mwingine umekunjika yanatokea hayohayo ya mzee wa Kilimani. Hali hiyo ni miongoni mwa sababu za kweli za kufanya kwa mpigo au angalau yasipishane sana. Uvivu wa kurudi hospitali siyo sababu.

Na njia yoyote mtakayochagua, goti jipya likae limenyooka mnapopumzika. Ndugu kwa huruma wanaweka mto chini ya goti kwa sababu mgonjwa anajisikia nafuu, ndo wanamharibia. Mto uwekwe chini ya kisigino. Watu wanashangilia goti kukunja lakini goti lisilonyooka ndo linamchosha mtu kila hatua, misuli ya paja inafanya kazi muda wote. Aanze sasa hivi kabla ya upasuaji, akae kitandani miguu imenyooka akandamize goti chini ahesabu polepole aachie, arudie, asubuhi na jioni, na mikono aizoeshe kwa kujisukuma kuinuka kwenye kiti. Misuli atakayoingia nayo thieta ndo atakayotoka nayo.

Mwambieni mapema pia kwamba choo cha kuchuchumaa asahau, na kusujudu chini kwa wengi hakurudi vizuri, goti haliharibiki kwa kugusa mswala lakini kupiga magoti juu ya lile kovu kunauma na ngozi ya upande wa nje inabaki na ganzi. Wengi wanaendelea na kiti. Nimeona wazee wanaokasirika na goti zuri kabisa kwa sababu hakuna aliyewaambia hili. Kwa ujumla karibu mtu mmoja kati ya watano harudi na furaha aliyoitegemea, hata upasuaji ukiwa umeenda sawa.

Mhasibu wa Mtaa

Niongelee hela maana naona mnazizunguka. Vyuma ni seti mbili njia zote mbili, hapo huokoi hata senti. Unachookoa ukifanya kwa mpigo ni kitanda, thieta, ganzi, nauli na mtu wa kukaa naye. Ni hela ya maana. Lakini akiingia ICU siku mbili tatu umeirudisha yote na zaidi, kwa hiyo kwa mgonjwa mwenye hatari ule unafuu ni wa kwenye karatasi. Kama ana bima ulizeni kwa maandishi inalipa magoti mawili kwa kibali kimoja au kila goti kibali chake, na seti gani inalipiwa, msije kuambiwa mlangoni muongeze.

Swali la kizushi, hayo magoti yanadumu muda gani? Maana 67 siyo mzee sana.

Sista Mstaafu

Kuna kazi ilitoka kwenye jarida la Lancet 2019, walikusanya rejista za Australia na Ufini, wakakuta takriban 82% ya magoti bandia kamili yanafika miaka 25. Kwa mama wa 67 yanamtosha. Kinachoyaua mapema ni maambukizi, kulegea na kuanguka.

Mstaafu bado nipo

Sista nakuheshimu ila mnamtisha sana huyu binti. Tulikuwa wodi moja watu wengi tuliofanya yote mawili na wote tulitoka tunatembea.

Sista Mstaafu

Kaka yangu hao wodini walichujwa kabla ya kuwekwa wodini. Waliokataliwa kliniki hukuwaona. Sipingi kwa mpigo, nimeona wagonjwa wengi wakitoka salama, napinga kuamua kwa mpigo kabla moyo haujapimwa. Hata mkikubaliana hivyo, muulizeni daktari kama ana mpango wa kusimama katikati: amalize goti la kwanza, mtu wa ganzi aangalie presha, oksijeni na damu iliyopotea, kama haridhiki wanafunga wanaliacha la pili. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa hilo, na nyie ndugu msije mkalalamika mama katoka na goti moja. Na ulizeni kama ICU ina kitanda siku hiyo.

Binti wa Korogwe

Samahanini nilipotea kidogo, tulikuwa tunahangaika na vipimo. Kwanza asanteni sana, Mstaafu na Sista Mungu awaweke.

Kile kipimo cha mkono tulifanya na kaka mkubwa, kiganja kinapita na kidogo zaidi, ngumi haipiti. Nilimpigia picha nikamtumia Fizio, kasema hapo siyo mbaya. Eko imeonyesha moyo unasukuma vizuri ila ukuta wa upande wa kushoto umenenepa kwa ajili ya presha ya muda mrefu. HbA1c 6.3. Wingi wa damu ndo umetushangaza, uko chini, 10.2, kumbe kule kuhema kunaweza kuwa ni huko, na daktari anadhani ni yale matumbo yaliyokuwa yanavuja damu kidogo kidogo kwa dawa za maumivu. Sindano ya mwisho ya goti ilikuwa ya steroidi na bado haijafika miezi mitatu, yaani tungekimbilia mwezi huu tungeingia kwenye hilo shimo.

Tukarudi kwa yule daktari wa kwanza wa kwa mpigo, tukamuwekea vyote mezani. Hakubisha. Kasema kwa damu hii na ukuta huo wa moyo na yeye anaanza na la kulia, damu ipande kwanza, tumbo litibiwe, la kushoto baadae kama la kwanza limekwenda salama. Kwa hiyo madaktari wote wawili sasa wako upande mmoja.

Mama ndo kazi. Kanuna siku nzima. Jioni kakubali kwa sharti kwamba tarehe ya goti la pili iandikwe kwenye daftari lake la kliniki siku hiyohiyo analofanyiwa la kwanza, na kaka mkubwa aweke sahihi mbele yake. Kaka kaweka. Mama kasema na wewe Binti weka.

Kilimani254

Haha mathe anajua watoto wake. Hio daftari msiipoteze.

Sista Mstaafu

Safi. Vidonge vya madini ya chuma asimeze na chai, chai inazuia, ameze na maji au juisi ya chungwa. Kama havipandishi damu haraka ipo ya kuchoma kwenye mshipa, ulizeni. Ndugu wa kuchangia damu waandaeni mapema, msisubiri asubuhi ya upasuaji ndo mnapigiana simu.

Binti wa Korogwe

Sawa Sista, na chai yake ya rangi ndo hiyo haipoi mkononi, tutapambana. Fizio, kitanda chake ni kile cha kamba cha zamani, kinafaa au ninunue kingine?

Fizio wa Pwani

Kwa kulala hakina shida, kwa kuinuka hakifai, kinabonyea katikati na kiko chini. Akikaa pembeni ya kitanda goti linatakiwa liwe chini ya nyonga kidogo, ndo anainuka bila kuvutwa mikono. Mpime akiwa amekaa kwenye kiti kinachomfaa, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, halafu tafuta kitanda cha mbao chenye godoro gumu ambacho akikikalia juu ya godoro pazidi hapo vidole vitatu au vinne. Kikiwa kifupi fundi seremala anakuongezea vigingi chini ya miguu, avitoboe viingie kabisa, siyo kupachika matofali maana yanateleza. Na zulia la mlangoni litoe kabla hajarudi.